Maboya Matatu Mbele ya Kivukoni

Jumamosi, 9 Juni 1973

Leo nimechaguliwa. Bado sijaelewa vizuri nimechaguliwa kuwa nani.

Nilikwenda klabuni kupeleka tanga la Ndugu Ravindra. Lilichanika pembeni, nimelishona upya, nimelitia na kiraka. Nikawakuta kwenye mkutano, ndani ya banda la mashua. Nikaambiwa nikae nisikilize. Katibu, Ndugu Tarsis, akasoma barua: kuanzia sasa kila kamati ya klabu iwe na mwakilishi wa wafanyakazi. Kamati ya mashindano haina hata mmoja. Wakatazamana. Ndipo Ignasi, seremala wa mashua, akasema kwa sauti yake ya taratibu kwamba Zamzam anashona matanga yote ya hapa, kwa nini asiwe yeye. Watu wakacheka. Halafu wakanyoosha mikono, mmoja mmoja, mpaka ikawa si mzaha tena.

Mzee Natvarlal ndiye mwenyekiti wa kamati hiyo, miaka ishirini na miwili sasa. Akaniuliza kama nimewahi kupanda mashua ya tanga. Nikasema hapana.

"Basi unajua nini?"

"Najua tanga linachanikia wapi, Mzee. Na kwa nini."

Akasimama. "Kesho saa moja asubuhi, gatini. Chukua kofia."

Mama aliuliza kuna wanawake wangapi kwenye kamati hiyo. Nikamwambia kuanzia leo mmoja.

Jumapili, 10 Juni

Kumbe kazi ya kamati ni hii: kuamua mashua zipite wapi. Zianzie wapi, zizunguke boya lipi, zimalizie wapi. Mzee Natvarlal ana daftari lake lenye njia kumi na moja, kila moja ina namba. Asubuhi anatazama upepo, anachagua namba, inatundikwa ubaoni kwenye boti ya kamati. Mashua zinasoma. Honi inalia. Basi, wameondoka.

Leo akachagua namba nne. Ndugu Tarsis akaninong'oneza kwamba huchagua namba nne karibu kila Jumapili. Mashua zinatoka mlango wa bandari, zinakwenda kuzunguka boya la nje, zinarudi. Ziliondoka kumi na moja. Baada ya nusu saa hatukuona hata moja. Tukakaa. Tukala ndizi. Watu waliokuwa ufukweni Kivukoni wakatazama maji matupu, wakaenda zao.

Wakati wa kurudi upepo ukafa, na maji yalikuwa yakitoka bandarini. Mashua zikaning'inia pale mlangoni kama nguo zilizoanikwa. Ya mwisho iliingia magharibi ikiadhiniwa.

Aliyeshinda ni Vidya, binti wa Mzee. Hushinda kila mara. Nilimpa hongera, akapiga miayo. Akasema aliongoza tangu mlangoni mwa bandari, angeweza kusoma gazeti njia nzima.

Sijui kwa nini jambo hili limeniuma. Mimi si mwanamashua.

Jumanne, 12 Juni

Sikushona chochote mpaka saa tano. Nilitandaza turubai sakafuni, nikachora bandari nzima kwa chaki ya kushonea. Huku Kivukoni. Kule ng'ambo Kigamboni. Juu Kurasini, kwenye meli. Chini mlango wa bandari na njia ya pantoni. Vifungo vitatu vikawa maboya. Sindano ndefu ikawa upepo.

Nikaanza kusogeza. Kifungo hapa, kifungo pale. Ni kama kukata gauni — ukikosea mshono wa kwanza, mingine yote inavuta upande. Nje mashine ya kukoroga zege ya soko jipya inanguruma tangu alfajiri, sikuisikia.

Mama akaingia, akasimama juu ya Kigamboni. Akauliza hilo ni vazi gani, mbona halina mikono.

Alhamisi, 14 Juni

Nilikwenda Uhindini, dukani kwa Mzee Natvarlal. Huwa nanunua nyuzi kwake siku zote, lakini leo alinikaribisha nyuma, sebuleni. Mkewe, Mama Taraben, akaleta chai ya tangawizi. Akanieleza kwamba miaka yote hii mumewe anapanga njia mezani wakati wa chakula. Ndimu ni boya, chapati ni kisiwa, na mtu hawezi kula kisiwa mpaka kamati imalize. Nimecheka mpaka chai ikamwagika.

Mzee akanionyesha daftari. Mistari mizuri, wino wa bluu, amechora kila njia kwa mkono wake. Nikauliza kwa nini njia zote kumi na moja zinatoka nje ya bandari. Akasema ndani ni padogo, na waliomfundisha kazi walitaka kwenda mbali na mji. Wao wenyewe walishaondoka zamani, wakarudi kwao. Njia zikabaki.

Kisha akaniomba nimsomee ukurasa wa saba. Mwandiko wake mwenyewe. Alikuwa ameusogeza ukurasa karibu mpaka ukagusa pua.

Nikasoma. Nikamrudishia daftari, nikanunua nyuzi zangu.

Jumapili, 17 Juni

Siku mbaya.

Mzee alitazama bendera ya gatini, akasema upepo unatoka Kigamboni. Akatundika namba sita, inayofaa upepo wa upande huo. Mimi nikaona bendera inapeperuka kutoka Kurasini, lakini nani mimi? Siku nane katika kamati. Nikanyamaza.

Honi ikalia. Kumbe mashua zote zilikuwa na upepo mgongoni. Sasa nimeelewa: mwanzo lazima mashua zipande kuelekea upepo, kila mmoja achague upande wake, ndipo zinatawanyika. Zikisukumwa kutoka nyuma zinafika pamoja. Na zilifika pamoja — kumi kwenye boya moja, kama watu kwenye mlango wa sinema. Ravindra akamgonga nahodha mwenzake, Pantaleo. Tanga la Pantaleo likapasuka kutoka juu hadi chini. Maneno yaliyosemwa pale siyaandiki.

Wote walipokwisha kwenda, Mzee alibaki amekaa kwenye boti. Akaniuliza polepole:

"Bendera ilikuwa upande gani, Zamzam?"

"Ilitoka Kurasini, Mzee."

"Uliiona?"

"Niliiona."

"Mimi naona rangi tu. Ncha yake siioni tena. Tangu mwaka jana." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, kana kwamba ingesaidia. Akasema hata Vidya hajui. Akaniomba nisimwambie mtu mpaka Saba Saba ipite.

Saba Saba ndiyo kubwa. Klabu imealika mji mzima. Kuna wakubwa wanaosema klabu hii ni ya watu wachache, na kiwanja chake kingefaa kuwa ghala. Watakuja kuangalia. Wakiona maji matupu kama wiki iliyopita, au vurugu kama leo, tumekwisha.

Nimemwahidi sitasema. Na nimejikasirikia kwa kunyamaza asubuhi. Ningefungua mdomo, tanga la Pantaleo lingekuwa zima.

Jumatano, 20 Juni

Nimeshona tanga la Pantaleo. Hatua saba za mshono. Sikutaka ujira, akanikasirikia, akaniletea samaki.

Jumamosi, 23 Juni

Kikao cha kamati. Nimesema! Mbele ya wote nimesema.

Ndugu Tarsis alitaka Saba Saba tutumie namba nne, ile ya siku zote. Angalau haina ajali. Nikatandaza turubai langu juu ya meza, vyombo vya chai vikaondolewa. Nikaweka vifungo. Nikasema njia iwe ndani ya bandari. Maboya matatu: moja upande wa Kigamboni, moja kuelekea Kurasini, moja mbele kabisa ya Kivukoni, karibu na watu. Mashua zizunguke mara tatu. Zikipita hapo mara tatu, mtu aliyesimama ufukweni anaweza kuona hata uso wa nahodha. Na zote ziwe mbali na njia ya pantoni.

Tarsis akasema ni mchezo wa watoto kwenye beseni. Akauliza meli je. Nikasema nimekwishauliza, asubuhi ya Jumamosi ile hakuna meli inayoingia wala kutoka mpaka saa saba. Akasema haijawahi kufanyika. Ignasi, ambaye si mjumbe, alikuwa anapiga randa pale nje, akasimamisha randa ili asikie.

Wote wakamtazama Mzee Natvarlal. Alikuwa ameweka kiganja juu ya turubai, anapapasa vifungo, kimoja, cha pili, cha tatu. Akavirudia.

"Pembetatu," akasema. "Miaka ishirini na miwili nimewapeleka nje." Kisha: "Zamzam, kesho panda mashua. Kama bado unaitaka njia hii ukishuka, nitaitia kwenye daftari. Namba kumi na mbili."

Jumapili, 24 Juni

Nimepanda mashua ya tanga.

Nimepanda mashua ya tanga, na sijui niandikeje.

Vidya alinichukua. Alinionyesha kamba yangu, akasema niivute akisema vuta, niiachie akisema achia, na kichwa niinamishe akisema kichwa. Tulipotoka kwenye kivuli cha gati, tanga likajaa. Lile tanga nimelishona mimi, mwaka juzi, nyumbani Mtaa wa Sikukuu, nikiwa na mafua. Nilijua kila tundu la sindano. Sikujua kwamba lina nguvu hivyo. Mashua ikalala upande, maji yakaingia hadi magotini, nikapiga kelele, kumbe ni kicheko.

Vidya akaniambia huwezi kwenda moja kwa moja dhidi ya upepo. Lazima ubishe — kidogo kulia, kidogo kushoto, kulia tena, mpaka ufike. "Ndiyo raha yenyewe, dada Zamzam," akasema. "Baba anatupeleka mbali, tunabisha mara moja tu halafu tunalala. Tupe kubisha mara tatu, utaona."

Nimegundua kosa langu. Kifungo cha Kigamboni nilikiweka karibu mno na pwani. Minazi ya kule inakula upepo. Tulipofika tulisimama, tanga likalegea, tukakaa tukitazamana na mbuzi. Boya lazima liletwe huku, hatua mia kutoka ufukweni. Kwenye turubai ni upana wa kidole. Kwenye maji ni mashindano mazima.

Nimeshuka nimelowa hadi ushungi. Ignasi alikuwa gatini, akanipa mkono. Aliuliza vipi. Nikasema boya lisogezwe. Akacheka, akasema hakuwa anauliza habari za boya.

Alhamisi, 28 Juni

Mzee amekubali. Namba kumi na mbili: kwanza Kigamboni. Nimeongeza na kumi na tatu: maboya yale yale, ila unaanza na Kurasini. Kwa sababu asubuhi upepo hutoka Kurasini, na mchana hugeuka ukatoka Kigamboni. Hugeuka saa ngapi? Hapo ndipo pana kazi. Ukichagua kabla, upepo ukageuka wakiwa katikati, wote watapanga foleni na mashindano yamekufa.

Aliniachia nichore mwenyewe kwenye daftari lake. Nimechora kwa penseli. Akauliza kwa nini si wino. Nikamwambia nguo haikatwi bila kupimwa.

Ignasi amemaliza mashua yake mpya ya plaiwudi. Nimemshonea tanga. Leo alikuja kulichukua, akakaa saa mbili. Tanga linachukuliwa kwa dakika tano. Mama amesema hivyo, si mimi.

Ijumaa, 6 Julai

Usingizi hauji. Nimepiga pasi ushungi mara mbili.

Jumamosi, 7 Julai

Saba Saba. Niandike yote kabla sijasahau, ingawa sauti imenikauka.

Saa tatu Kivukoni ilikuwa imejaa. Wachukuzi wa Kariakoo walikuja kundi zima kumshangilia Ignasi, wamevaa makapu yao kichwani kujikinga jua. Wakubwa wameketi kwenye viti chini ya turubai — langu. Mama alikuja na wanawake wa nyumba yetu, wakachukua nafasi mbele kabisa.

Mashua kumi na nne. Kuanza ni saa nne kamili.

Saa nne kasorobo bendera inatoka Kurasini, imenyooka. Tarsis ameshika ubao wa kumi na tatu tayari. Mimi pia nilikuwa nasema kumi na tatu. Mzee Natvarlal alikuwa amekaa tezini, nyuma kabisa ya boti, ameupa upepo mgongo. Akachovya leso baharini, akaifuta shingo yake nyuma. Akatulia.

"Unakatika," akasema.

Nikatazama bendera. Imenyooka bado. Tarsis akasema haukatiki, macho yake anayo. Mzee akageuka. Akaniambia mimi: "Mimi nahisi unakatika. Wewe unaona bendera. Mwenye njia ni wewe."

Saa nne ikapiga. Mashua zinazunguka nyuma ya mstari, zinasubiri. Watu wanapiga miluzi. Mmoja wa wakubwa amesimama, anatazama saa yake.

Nilifikiri juu ya ile Jumapili niliyonyamaza. Lakini leo nilikuwa sina uhakika wa kitu chochote. Nikatazama maji badala ya bendera. Kule Kigamboni, mbele ya minazi, maji yalikuwa yamebadilika rangi — mstari mweusi mwembamba, unakuja.

"Tunangoja," nikasema. "Ndugu Tarsis, pandisha bendera ya kungoja."

Tarsis akasema watatuzomea. Walituzomea. Dakika kumi. Kumi na tano. Upepo ukafa kabisa, matanga yakalegea, makelele yakazidi. Nilitamani boti izame. Mzee alikaa tu na leso shingoni. Kisha kitu baridi kikanigusa shavu la kushoto. Bendera ikajikunja, ikazunguka, ikanyooka. Kutoka Kigamboni.

"Kumi na mbili," tukasema pamoja, mimi na Mzee.

Honi.

Sijaona kitu kizuri kama kile. Kumi na nne zinabisha, kila moja na upande wake, zinapishana, matanga yangu yote yale, meupe na yale mawili mekundu. Boya la kwanza Pantaleo anaongoza. La pili Ravindra. Zilipokuja mbele ya Kivukoni mara ya kwanza, watu walinyamaza, kwa sababu walikuwa hawajawahi kuziona karibu hivyo. Halafu kelele zikapanda. Mzunguko wa pili Vidya mbele, Ignasi nyuma yake. Mzunguko wa tatu Ignasi akaenda upande wa kushoto peke yake, wote wakasema amepotea, kumbe kule upepo ulikuwa mwingi zaidi. Wachukuzi wanaita Fundi! Fundi! makapu yako juu hewani.

Wakaja mwisho sambamba. Vidya na Ignasi, bega kwa bega. Mstari wa kumalizia ni kati ya boti yetu na boya, na mwenye kutazama lazima aweke jicho hapo asipepese. Honi inapigwa wa kwanza anapokata. Mzee akanishika mkono, akauweka juu ya honi.

Nikaona omo ya Ignasi, ile ncha ya mbele ya mashua. Kiganja kimoja mbele. Si zaidi.

Nikasita. Binti wa mwenyekiti yuko hapa, na Ignasi ni Ignasi, na watu wana midomo.

"Umeona?" Mzee akauliza.

"Nimeona."

"Basi piga kwa uliyemwona."

Nikapiga. Nikataja namba ya Ignasi. Tarsis akasema yeye alidhani ni Vidya. Mzee akamwambia, kwa sauti ya kila mtu kusikia, kwamba yeye mwenyewe hakuona, Zamzam ameona, na kamati imemaliza.

Vidya alikuwa hatua tatu tu kutoka kwetu. Alinitazama. Akamtazama baba yake, muda mrefu, kwa namna mpya. Kisha akainama, akachota maji kwa mikono miwili, akammwagia Ignasi usoni. "Mara tatu nimebisha," akapaza sauti. "Sikulala hata kidogo!"

Wale wakubwa walishuka hadi ukingoni. Yule aliyekuwa akitazama saa alimuuliza Mama kama ijayo ni lini. Mama akamjibu kwamba atamuuliza binti yake.

Jumapili, 8 Julai

Mzee Natvarlal amewaambia mwenyewe. Alisimama bandani, akasema macho yamechoka, na kwamba ile ajali ya Juni ilikuwa yake, si ya upepo. Vidya akaenda akakaa karibu naye, akamshika mkono. Jana usiku alishamwuliza nyumbani, nadhani. Mama Taraben alikuwa na macho mekundu lakini anatabasamu.

Habari za ghala hazijasemwa tena. Wala hazijafutwa. Tumeambiwa tu tuwaalike tena.

Kisha Mzee akasema mwenyekiti mpya awe mimi. Nikasema sitaki bila yeye. Tumekubaliana: yeye anahisi, mimi naona.

Alhamisi, 12 Julai

Ignasi alikuja na Pantaleo na mjomba wake kutoka Buguruni, wamevaa vizuri. Mama aliwakaribisha. Mimi nilijifanya nashona. Cherehani haikuwa na uzi.

Baadaye Mama alisema Ignasi ni Mkristo na sisi Waislamu, hilo lina maneno yake marefu. Lakini hakusema hapana. Aliuliza kama anajua kutengeneza kabati.

Jumapili, 15 Julai

Naandika nikiwa gatini, daftari magotini, dakika chache tu.

Upepo umegeuka mapema leo. Nimetundika kumi na mbili tayari, Mzee ameikubali. Mashua kumi na tisa! Watu Kivukoni wamekuja bila kualikwa.

Mwenzi wa Vidya mashuani ameugua malaria. Vidya amekuja mbio kuniambia hana mtu wa kushika kamba, na ametoka kushindwa wiki iliyopita, hawezi kukaa nje. Nikamwambia mimi ni kamati. Ndugu Tarsis — Tarsis huyu huyu! — akasema atakaa yeye na Mzee, atamsomea bendera, na mstari ataulinda kwa jicho lake lisilopepesa. Mzee akasema Tarsis akiona kitu ambacho hakipo, yeye atajua kwa shingo.

Ignasi ananitazama kutoka mashua yake. Anauliza kwa mkono: boti ya kamati iko kulia, mashua ya Vidya kushoto, naingia ipi? Akijua kwamba nikiingia kushoto, itabidi nimshinde.

Injini ya boti imewashwa. Vidya ameanza kupandisha tanga. Kwenye boti ya kamati mtu huketi kwenye benchi na viatu vyake.

Vyangu vipo hapa pembeni yangu, nimeshavivua, na Vidya ananiita, na —